Mavazi na viatu vya kila siku kwa mwanaume aliyevuka arobaini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa kwenye cherehani hapa Ilala, Dar es Salaam, miaka mingi, na wateja wangu wengi ni wanaume wa kati ya miaka 40 na 60. Wanaleta suruali za kuachia, mashati ya kupunguza, na maswali. Haya ndiyo yanayorudi karibu kila wiki. Majibu yangu yote yana mzizi mmoja: valisha mwili ulio nao leo. Namba uliyokuwa ukivaa siku unaoa ilikuwa ya mwili ule.

Nimevaa suruali namba 34 miaka yote. Mbona sasa inanibana, na uzito wangu haujaongezeka sana?

Uzito unaweza kubaki palepale, umbo likahama. Kadiri umri unavyokwenda, misuli ya mapaja na makalio hupungua taratibu na mafuta hukusanyika tumboni. Ndiyo maana suruali inabana mbele huku nyuma inapwaya. Kwa anayekaa kutwa mezani au kwenye usukani, mabega nayo yanasogea mbele, na shati lililokuwa likikaa vizuri linaanza kuvuta mgongoni.

Halafu namba yenyewe si ya kuaminika. Nimewahi kuweka futi kwenye suruali tatu zilizoandikwa 34. Moja ilikuwa na inchi 34 kweli, ya pili 35 na nusu, ya tatu ilikaribia 37. Kila kiwanda kina hesabu yake.

Kwa hiyo jipime, au mwombe mtu wa nyumbani akupime. Simama wima, pumua kawaida, usivute tumbo ndani. Pima kiuno mara mbili: pale unapofungia mkanda, na pale tumbo lilipojaa zaidi. Pima makalio, kifua, shingo, na mkono kuanzia ncha ya bega hadi kwenye kifundo. Hifadhi vipimo kwenye simu na uvirudie mara mbili kwa mwaka.

Ile njia ya kupimia suruali shingoni bado inafaa?

Kwako huenda haifai tena, na imewapotezea pesa watu wengi. Njia hii inajulikana kwenye masoko ya mitumba ya Karume na Tandika, hata Gikomba kule Nairobi: unafunga kifungo cha suruali, unazungusha kiuno chake shingoni, ncha zikikutana nyuma unalipa. Inafanya kazi kwa kijana mwembamba kwa sababu shingo yake ni karibu nusu ya kiuno: shingo inchi 16, kiuno 32. Tumbo likishatoka, kiuno kinaweza kufika 40 wakati shingo imeongezeka inchi moja tu. Suruali itakayokutana vizuri shingoni hapo ni ya 34, na haitapanda.

Nenda na futi mfukoni. Laza suruali bapa, pima kiuno kutoka upande hadi upande, zidisha kwa mbili. Kama huna futi, vaa siku hiyo suruali inayokukaa vizuri kuliko zote, na mkanda wenye tundu unalolitumia sasa. Mkanda uliofungwa kwenye tundu lake ni kipimo kizuri sana: uvue ukiwa umefungwa hivyohivyo, uweke juu ya kiuno cha suruali unayoitaka, ulinganishe.

Nifunge mkanda juu ya tumbo au chini yake?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, mteja akiwa ameshageuka kutaka kuondoka. Nitalijibu kwa urefu.

Wengi hushusha suruali chini ya tumbo kwa sababu huko namba ya zamani bado inaingia. Kinachofuata ni kwamba tumbo linamwagikia juu ya mkanda, nyuma panapwaya, na pale mishono minne inapokutana, chini ya zipu, panashuka hadi katikati ya mapaja. Ukitembea kitambaa kinasuguana. Suruali nyingi ninazoletewa kutiwa viraka zimetoboka mahali hapohapo.

Kuna dereva mmoja aliniletea kadeti mbili, zote zimeachia ndani ya mapaja. Nikaigeuza moja na kuinyanyua kwenye mwanga wa mlangoni. Ndani ya paja kitambaa kilikuwa chembamba kama chujio, uzi unahesabika. Magotini na mifukoni palikuwa bado papya, hata rangi haijapauka. Nikamwambia, "Kaka, suruali hizi hazijazeeka. Umezivaa chini mno." Tukapima upya, nikamshonea moja yenye kimo kirefu kutoka kiunoni hadi katikati ya miguu, inayokaa kidole kimoja chini ya kitovu, na rinda moja kila upande. Huu mwaka wa tatu anaivaa kazini.

Kama tumbo ni la wastani, fanya hivyo: panda juu, karibu na kitovu, na usiogope marinda. Rinda moja au mawili kila upande hufunguka unapokaa na kujifunga unaposimama. Kama tumbo ni kubwa na gumu, suruali ya juu haitatulia, itateleza tu. Hapo vaa chini ya tumbo, ila mwambie fundi akate kiuno cha mbele chini kidogo kuliko cha nyuma, ili mkanda usikukate. Mikanda ya mabegani inasaidia pia, na haina aibu yoyote.

Jambo lingine ambalo wanunuzi hawaliangalii: geuza suruali ya kitambaa uone mshono wa nyuma, katikati ya makalio. Iliyoshonwa vizuri ina kitambaa cha akiba kimekunjwa humo, mara nyingi inchi moja au zaidi. Hicho ndicho fundi atakachokuachia mwili ukiongezeka. Jinzi haina akiba hiyo.

Shati nichomeke au niliache nje?

Angalia pindo la chini. Likiwa limekatwa kwa mviringo, mbele na nyuma kuna mikia, lilishonwa kuchomekwa. Likiwa limenyooka, linaweza kukaa nje, mradi liishie katikati ya zipu. Likifunika makalio yote linakufupisha.

Cha muhimu zaidi ni mabega. Mshono wa bega ukae kwenye mfupa wa bega, usining'inie mkononi. Kisha kaa chini, hapohapo dukani. Vifungo vya tumboni vikiacha mwanya unaoonesha singlendi, shati ni dogo hata kama ukisimama linapendeza. Wengi hukimbilia namba mbili juu, tumbo linaingia lakini mabega yanaanguka na kola inabaki wazi shingoni. Fundi anaweza kupunguza ubavuni kwa nusu saa. Kurudisha mabega ni kulifumua shati zima. Kama mabega yako ni ya 40 na tumbo ni la 46, acha kuzunguka madukani. Shonesha. Mashati mawili yaliyokatwa kwa mwili wako yatavaliwa kuliko sita ya dukani.

Kitambaa gani kinafaa kwa joto la Pwani?

Pamba, kitani, au pamba iliyochanganywa na poliesta kidogo ili isijikunje sana. Poliesta tupu hainyonyi jasho, linabaki kwenye ngozi na harufu inakaa kwenye nguo hata baada ya kufua.

Maandishi kwenye lebo hayatoshi. Vuta uzi mmoja kutoka kwenye kitambaa chenyewe, ndani ya pindo, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba inaungua kama karatasi, inatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge kigumu. Angalizo moja: usichome uzi wa mshono. Nguo nyingi za pamba hushonwa kwa uzi wa poliesta, kwa hiyo utapata jibu la uongo.

Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa. Ukininunulia cha kushona, kiloweke na kukianika kabla hujaniletea. Walioko Njombe, Iringa, Mbeya na Arusha wana hesabu nyingine. Juni na Julai huko unahitaji sweta, na kodrai inafaa kabisa.

Jinzi kwa umri wangu?

Vaa. Chagua rangi ya bluu iliyokolea, isiyochanwa, yenye mguu ulionyooka. Modo ya kubana hadi kwenye kifundo cha mguu huonesha tumbo kubwa kuliko lilivyo, kwa sababu chini pamekuwa pembamba na juu ni pana.

Na fulana?

Fomu siksi, ile yenye kola na vifungo viwili au vitatu, ndiyo rafiki wa mwanaume mwenye tumbo. Kola inainua macho ya mtu hadi usoni. Epuka zile nyembamba zinazong'ang'ania mwilini. Fulana za kampeni na za matangazo ziwe za bustanini.

Kaunda suti si za wazee?

Sikubaliani. Jina linatokana na Kenneth Kaunda, aliyekuwa rais wa Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, na vazi lenyewe lilitengenezwa na akili iliyolijua joto: mikono mifupi, hakuna tai, mifuko ya kutosha, koti lisilobana tumbo. Limerudi kwa nguvu miaka ya karibuni. Kenya hadi likazua mjadala: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alilipiga marufuku bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nalo mara kwa mara.

Likikatwa vibaya ndipo linapomzeesha mtu. Koti liishie chini kidogo ya mfuko wa suruali, mkono wake uishie juu ya kiwiko, na kitambaa kisiwe kile kinachong'aa. Kijivu, bluu ya usiku, kahawia.

Kanzu ya Ijumaa je?

Iishie juu ya kifundo cha mguu. Mabegani iache nafasi ya kurukuu bila kuvuta. Nyeupe nyingi ni nyepesi, kwa hiyo vaa vesti na msuli au suruali nyepesi ndani.

Mitumba ninaichaguaje bila kuumia?

Mitumba ni sehemu ya maisha yetu na mimi mwenyewe naivaa. Mashati mazuri ya pamba kuliko yote niliyowahi kupitisha kwenye cherehani yametoka kwenye belo. Nenda mapema siku belo linafunguliwa. Angalia sehemu tatu ambazo huchakaa kwanza: ukingo wa kola, kwapa, na ndani ya mapaja. Inyanyue nguo kwenye mwanga wa jua. Ukiona vitundu vidogo au kitambaa kimekuwa chepesi kuliko sehemu nyingine, irudishe. Zipu ifunge na kuifungua mara tatu. Doa la njano kwapani mara nyingi halitoki, usidanganywe.

Nguo za ndani na soksi nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, na ingawa utaziona zimetandazwa pembeni mwa barabara, ziache. Boksa mpya ya pamba yenye mguu mrefu kidogo, tena, inazuia mapaja kuchubuka.

Nimevaa viatu namba 42 tangu shule. Kwa nini sasa vinanibana?

Kwa sababu mguu wako umekua. Watu hawaamini, lakini ndivyo ilivyo: kano zinazoshikilia upinde wa mguu hulegea kadiri umri na uzito vinavyoongezeka, upinde unashuka, mguu unarefuka kidogo na kupanuka. Mtu aliyevaa 42 akiwa na miaka 25 anaweza kuhitaji 43 akiwa na 50, na mara nyingi anachohitaji zaidi ni upana.

Nunua viatu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za siku. Nenda na soksi utakazovaa. Jaribu vyote viwili, kwa sababu karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu kinunuliwe kwa ule mkubwa. Ukisimama, kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Kisigino kisipande na kushuka unapotembea. Maneno ya muuzaji kwamba "kitaachia tu" yana ukweli nusu: ngozi halisi huachia upana kidogo, urefu haiachii, na plastiki haiachii chochote.

Kisha kikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama daftari, hakitaubeba mwili wako.

Mtoto wangu yuko nje, anataka kuninunulia viatu. Nimwambie namba gani?

Mtumie sentimita. Simama juu ya karatasi jioni, kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu, pima. Fanya kwa miguu yote miwili, pima na sehemu pana zaidi. Namba zinatofautiana: 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza, na Marekani kiatu hichohicho cha kiume huandikwa kama 9. Baba anasema "nane", mtoto aliyeko Houston ananunua nane ya huko, kiatu kinafika kikiwa kidogo, na hakuna wa kukirudisha.

Viatu vyangu vya sherehe vilikaa kabatini, siku ya harusi soli ikamomonyoka. Nilitapeliwa?

Yamenikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa nimevivaa viatu vile mara nne tu, nimevihifadhi kwenye boksi lake kama mali. Siku ya harusi ya mdogo wangu, kati ya mlango wa ukumbi na kiti changu, nikasikia mguu wa kulia umeshuka. Nyuma yangu sakafuni kulikuwa na vipande vyeusi vinavyovunjika kama keki. Nilimaliza sherehe nimekaa, na picha ya familia nikasimama safu ya nyuma.

Muuzaji hakuwa na kosa la makusudi. Soli nyingi nyepesi zinatengenezwa kwa povu la plastiki liitwalo poliyurethani, na povu hilo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa. Halihitaji kuvaliwa ili liharibike. Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar ina joto na unyevu mwaka mzima, na boksi lililofungwa hufungia unyevu huohuo ndani. Ndiyo maana kiatu cha kazini kinadumu na cha sherehe kinakufa kabatini.

Kwa hiyo bonyeza soli kwa kucha kabla ya kununua, hasa mtumba wa muda mrefu: ikinata, au ikiacha alama isiyorudi, iache. Kwa viatu unavyovaa mara chache chagua soli ya raba au ya ngozi. Na vivae. Kiatu kizuri kivaliwe hata kwenda dukani Jumapili. Kilichomomonyoka, kama juu ni ngozi nzima, mpelekee fundi viatu aweke soli mpya ya raba.

Moka, viatu vya kamba au raba?

Viatu vya kamba ndivyo vinavyofaa zaidi mguu unaovimba mchana, kwa sababu unaweza kulegeza. Moka ni rahisi kuvaa lakini inategemea kubana ili isivuke. Raba za rangi moja, nyeusi au kahawia, zinaruhusiwa sasa sehemu nyingi za kazi, na kwa anayesimama kutwa ni msaada mkubwa. Kwa nyumbani na msikitini, makubazi ya ngozi. Kandambili ziishie bafuni. Hazishiki kisigino na vidole vinafanya kazi ya kuzizuia zisitoke.

Viatu vya mtumba viweke mezani uviangalie kwa nyuma. Kikiinama upande, kimeshazoea mwendo wa mtu mwingine na kitauinamisha mguu wako.

Nina kisukari. Kuna tofauti?

Ndiyo, kubwa. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, ukachubuka bila kusikia, na kidonda kidogo kikageuka kuwa jambo la hospitali. Kila asubuhi ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu: kokoto, msumari uliojitokeza, bitana iliyokunjamana. Vaa soksi za rangi nyepesi ili damu au maji ya kidonda yaonekane. Usitembee peku hata ndani ya nyumba, na epuka viatu vyenye gidamu kati ya vidole. Kagua nyayo zako kila jioni, na ukiona jeraha nenda kliniki siku hiyohiyo.

Bora viatu vya bei nafuu kila mara, au kimoja cha gharama?

Piga hesabu ya miezi. Tuseme jozi ya shilingi 20,000 inadumu miezi minne. Kwa miaka mitatu utanunua jozi tisa, yaani 180,000. Ya ngozi ya 90,000 inayobadilishwa soli mara moja inaweza kufika huko. Lakini haitafika ukiivaa kila siku. Ngozi inanyonya jasho na inahitaji siku nzima kukauka, kwa hiyo ziwe jozi mbili za kupishana. Ukinyeshewa na masika, jaza magazeti ndani, weka kivulini. Jua kali hupasua ngozi.

Mama watoto ndiye ananinunulia, na anakosea kila mara.

Anakosea kwa sababu anakumbuka mwili uleule unaoukumbuka wewe. Mpe vipimo vipya. Mteja wangu mmoja alimwandikia mkewe namba zote kwenye karatasi ndogo, mke akaikunja na kuiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho. Tangu hapo hajaniletea shati la kurekebisha.

Nguo zisizonitosha niziweke hadi nipungue?

Bakiza moja unayoipenda. Nyingine mpe mdogo wako au kijana wa jirani zikiwa bado zina nguvu. Kabati lililojaa nguo za mwili wa zamani linakufanya kila asubuhi uvae zile mbili tu zinazoingia, na kuamini huna nguo.

Nije kwa fundi lini kabla ya sikukuu?

Wiki tatu kabla ya Idi au Krismasi, si siku tatu. Njoo umekula kama kawaida, na uje na viatu utakavyovaa siku hiyo, kwa sababu pindo la suruali linapimwa juu ya kiatu. Ukija na kandambili nitakukatia suruali ya kandambili.